Siku Moja Mjini Berlin, na Deni la Kariakoo

Wazee wa pwani wamesema kwamba mwenda tezi na omo marejeo ni ngamani. Sisi tuliokulia Dar es Salaam, tukavuka kwa pantoni pale Magogoni tangu tukiwa watoto wa chuo, tumeona meli za kila taifa zikiingia na kutoka katika mlango ule mwembamba wa bandari, wala hatukudhani hata siku moja kwamba nasi tutazifuata huko ziendako. Lakini safari ni riziki, na riziki haipigi hodi. Mwaka uliopita, mwezi wa Septemba, rafiki yetu wa utotoni tuliyesoma naye chuo kimoja, ambaye sasa ni mkazi wa Berlin, mji mkuu wa Ujerumani, kwa zaidi ya miaka 30, alitualika tukae kwake wiki mbili. Nauli alilipa yeye, Mwenyezi Mungu amjazi kheri.

Twaandika hapa habari za siku moja tu katika hizo, siku ya Jumanne. Hatuandiki kwa kujisifu kwamba tumefika Ulaya, kwani siku hizi waliofika ni wengi. Twaandika, na hasa kwa ajili ya vijana wetu, kwa sababu siku hiyo tulikutana na mtu wa mji wetu ambaye hatukuwa tukimjua, naye akatukumbusha jambo tulilolikimbia nyumbani.

Jambo lenyewe hatuna budi kulikiri kwanza. Wiki moja kabla ya safari, madrasa yetu ilipata madawati kumi kutoka kwa fundi mmoja wa Kariakoo. Tukamwita mchukuzi wa mkokoteni, tukapatana naye shilingi elfu ishirini. Akayapakia madawati, akayafunga kwa kamba, akayavuta katikati ya jua kali na msongamano wa magari hata mlangoni petu, wala dawati moja halikukwaruzika. Tukampa elfu kumi, tukamwambia, “Iliyobaki njoo Ijumaa.” Ijumaa akaja, tukamwambia aje Jumatatu. Jumatatu akaja, nasi tulikuwa tumeinamia masanduku ya safari. Tukamtuma mtoto mmoja wa madrasa akamwambie kwamba Mwalimu amelala. Kesho yake tukapanda ndege. Si kwamba fedha hazikuwako, la, zilikuwa mfukoni. Ulikuwa uzito wa kuinuka tu, pamoja na dharau ndogo ambayo mtu haioni nafsini mwake mpaka aoneshwe.

Sasa turudi Berlin. Rafiki yetu huyo, ambaye humu tutamwita Sahibu, akaa sehemu ya Wedding, upande wa kaskazini wa mji. Barabara za hapo zilipewa majina ya nchi na miji ya Afrika tangu zama za ukoloni: iko Sansibarstraße, iko Tangastraße, iko Usambarastraße. Shemeji yetu ni mzaliwa wa Tanga, na hupenda kusema kwa mzaha kwamba alisafiri maelfu ya maili akavuka bahari, kumbe ni ili aende dukani kwa njia ya Tanga. Asubuhi ile alituandalia chai ya maziwa yenye iliki, mayai, na mahamri aliyoyakanda usiku. Tukala, tukahimidi, tukatoka.

Sahibu alitupitisha kwanza katika njia moja pana yenye miti. Mwaka 1939 njia hiyo ilipewa jina la Carl Peters, yule aliyezunguka Useguha, Nguru, Usagara na Ukami mwishoni mwa mwaka 1884, akiwatilisha sahihi wakubwa wa nchi katika mikataba ambayo hawakuweza kuisoma, na ambaye kwa ukatili wake aliitwa Mkono wa Damu. Mwaka 1986 wakuu wa mji walisema kwamba kuanzia hapo jina hilo ni la Peters mwingine, Hans Peters. Lakini kibao kilibaki kilekile. Wakazi, Waafrika miongoni mwao, waliendelea kudai kwa miaka mingi. Hatimaye, tarehe 23 Agosti 2024, njia hiyo iligawanywa majina mawili: kipande kimoja kikapewa jina la Anna Mungunda, mwanamke shujaa wa Namibia, na kingine kikaitwa Maji-Maji-Allee, kwa kuwakumbuka watu wetu waliokufa kwa risasi na kwa njaa katika Vita vya Maji Maji, 1905 hadi 1907.

Tulisimama chini ya kibao hicho tukasoma Kiswahili katikati ya Berlin. Sahibu akasema, “Maalim, kibao hiki kimewatoa watu jasho la miaka. Ndiyo ujue kwamba jina la mtu si kitu kidogo.” Tukamkubalia kwa kichwa, kama mtu akubalivyo jambo ambalo bado halijamgusa.

Kisha tukashuka ngazi kupanda gari la umeme liendalo chini ya ardhi. Kwa kuwa nasi Tanzania tangu mwaka 2024 tuna treni ya umeme iendayo Morogoro na Dodoma, umeme haukutushangaza. Kilichotushangaza ni kwamba pale kituoni hapana lango wala mtu wa kukuzuia. Kila abiria hununua tikiti yake kwa uaminifu, na mkaguzi hutokea ghafla ndani ya gari, naye huenda amevaa nguo za kawaida kama abiria wengine. Tukasema moyoni kwamba hilo ni somo la madrasa nzima: mtu awe mwema na hali hamwoni mkaguzi. Wepesi wetu wa kuwatungia wengine masomo haukupungua hata ughaibuni.

Tulitokea juu karibu na Lango la Brandenburg, ambalo ndilo alama ya mji huo. Ni lango la mawe lenye nguzo kubwa, lilimalizika mwaka 1791, na juu yake pana sanamu ya gari la farasi wanne. Kuanzia mwaka 1961 ukuta uliougawa mji uliwafungia watu njia mahali hapo, mpaka ulipofunguliwa mwaka 1989. Siku hizi watalii hupita kati ya nguzo wakipiga picha. Tukapiga nasi, kwa kuwa watoto wa madrasa walituagiza.

Kutoka hapo si mbali na Wilhelmstraße, ambako lilikuwako jumba la Bismarck, waziri mkuu wa dola ya Kijerumani. Jumba lenyewe halipo tena. Humo ndimo ulimofanyika mkutano wa mataifa 14, tangu tarehe 15 Novemba 1884 hadi tarehe 26 Februari 1885, kupanga namna ya kuimiliki Afrika. Wala Mwafrika hata mmoja hakukaribishwa kitini. Siku ya pili tu baada ya kufungwa mkutano, tarehe 27 Februari, Kaisari wa Ujerumani alitia sahihi waraka wa kuikinga kampuni ya Peters na mikataba yake. Kwa waraka huo ndipo bara letu lilipoanza kuwekwa chini ya Mjerumani. Sisi tuliyasoma hayo darasani tulipokuwa wadogo, tukayakariri ili tupite mtihani. Kuyakumbuka umesimama mahali penyewe, motokaa zikipita na watu wakila aiskrimu, ni jambo jingine.

Tukarudi tukaifuata barabara ya Unter den Linden, ambayo jina lake lina maana ya chini ya milindeni, miti iliyopandwa kando yake. Tulipofika mbele ya Chuo Kikuu, Sahibu akatueleza habari za Mtoro bin Mwinyi Bakari. Huyu alikuwa mtu wa upande wa Bagamoyo, msomi wa Kurani kama sisi, na mwaka 1900 aliletwa Berlin kufundisha Kiswahili katika chuo cha lugha za Mashariki kilichofunguliwa mwaka 1887, ambamo walisomeshwa maofisa waliokuwa wakija kututawala. Kile kitabu mashuhuri cha desturi za Waswahili, kilichopigwa chapa mwaka 1903, sehemu yake kubwa ni kazi ya kalamu ya Mtoro. Lakini jina lililokaa mbele ni la aliyekusanya, Carl Velten.

Mwaka 1904 Mtoro alioa mwanamke wa Kijerumani, na mwaka 1905 wakapanda meli waje kwetu. Walipofika Dar es Salaam, serikali ya Kijerumani iliwakataza kuishi huku mtu na mkewe. Basi Mtoro, aliyewafundisha Wajerumani namna ya kusema na watu wa pwani, alirudishwa Ulaya kutoka mbele ya pwani yake mwenyewe. Akaishi huko mpaka alipofariki Berlin mwaka 1927. Tuliposikia hayo tulikumbuka mlango wa bandari pale Magogoni na jumba la gavana lililokuwa likitazama bahari, mahali ilipo Ikulu ya Dar es Salaam, tukafikiri ni mara ngapi tumepita hapo na kapu la samaki bila ya kujua ni nani aliyeiona pwani ile akakatazwa.

Saa tano za asubuhi tukaenda kuona kitu ambacho kila mtoto wa shule wa Tanzania amekisikia: mjusi wa Tendaguru. Yumo katika makumbusho ya viumbe iitwayo Museum für Naturkunde, katika ukumbi mkubwa wenye paa la kioo. Urefu wake kwenda juu ni mita 13 na zaidi, mrefu kuliko nyumba ya ghorofa tatu, na hapana kiunzi cha mjusi wa namna hiyo kilichosimamishwa duniani kirefu kuliko hicho. Wataalamu wasema aliishi yapata miaka milioni 150 iliyopita. Na ujuzi wa yote uko kwa Mwenyezi Mungu. Mtu husimama chini ya mbavu zake akajiona kama kifaranga chini ya tenga.

Mifupa hiyo ilitoka katika kilima cha Tendaguru, barani kutoka Lindi. Tangu mwaka 1909 hadi 1913 wataalamu wa Kijerumani walisimamia uchimbaji, na katika msimu mmoja walifika wafanyakazi mamia. Aliyewaongoza wachimbaji ni Mwafrika, Boheti bin Amrani, ambaye ustadi wake wa kuitambua na kuihifadhi mifupa ulisifiwa na wataalamu wenyewe. Yapata tani 230 za mifupa zilipelekwa pwani, na hapakuwa na reli wala motokaa: wachukuzi waliibeba vichwani na mabegani, mwendo wa siku kadhaa msituni hadi bandari ya Lindi, wakarudi, wakabeba tena. Mwaka 1937 mjusi akasimamishwa Berlin. Wako kwetu wanaodai kwamba arudishwe, na wako wasemao tupewe sehemu ya faida. Hilo tunawaachia wakubwa wa nchi.

Sisi tulikuwa tukitazama kitu kingine. Mfupa mmoja wa paja peke yake ni mrefu kuliko mtu. Tukajaribu kukisia ni wanaume wangapi waliubeba, na walilipwa nini, na je, walilipwa kwa wakati? Hapo ndipo kwa mara ya kwanza siku ile tulipoyakumbuka madawati kumi na kamba na mkokoteni. Tukageuza uso, tukamwambia Sahibu kwamba tumechoka kusimama.

“Bado pamoja,” akasema, “na ndipo hasa nilipokuitia.”

Tukatembea kwa miguu polepole kufuata Invalidenstraße kuelekea mashariki, mwendo wa nusu saa hivi, mpaka tukaingia Brunnenstraße. Ni barabara ya kawaida, yenye maduka na nyumba za ghorofa. Mbele ya nyumba nambari 193 Sahibu alisimama, akatoa kitambaa mfukoni, akachutama. Katika mawe ya njia ya miguu palikuwa na kibao kidogo cha shaba, upana wake kama kiganja. Akakisugua taratibu hata kikang’aa, tukasoma: Mahjub bin Adam Mohamed.

Vibao vya namna hiyo viko zaidi ya laki moja katika nchi za Ulaya. Hutiwa mbele ya nyumba walizoishi watu walioteswa na kuuawa katika utawala wa Hitler, na kila kimoja ni cha mtu mmoja. Hiki kilitiwa mwaka 2007. Na Mahjub huyu, wasomaji wetu, alikuwa mzaliwa wa Dar es Salaam, mwaka 1904, mtoto wa askari wa Kisudani aliyelitumikia jeshi la Wajerumani.

Vita Kuu ya Kwanza ilipoanza mwaka 1914 Mahjub alikuwa na umri wa miaka kumi, umri wa watoto wetu wanaohitimu juzuu ya Amma. Akaingia jeshini pamoja na baba yake. Mwezi wa Oktoba 1917 alijeruhiwa katika mapigano ya Mahiwa, upande wa Lindi, akashikwa na Waingereza. Baada ya vita alifanya kazi katika meli, na mwaka 1929 akashuka Ujerumani, akaenda Berlin, akabisha hodi katika wizara ya mambo ya nje. Alitaka mishahara ya vita, yake na ya baba yake, ambayo haikulipwa. Akajibiwa kwamba amechelewa, muda wa kudai umekwisha.

Akabaki Berlin akitafuta maisha. Alijulikana huko kwa jina la Bayume Mohamed Husen. Alikuwa mtumishi wa mezani katika jumba kubwa la starehe pale Potsdamer Platz. Alifundisha Kiswahili katika chuo kilekile alichofundisha Mtoro kabla yake. Aliigiza katika filamu nyingi, mara nyingi sehemu ndogo za mtumishi mweusi. Mwaka 1933 alioa mwanamke wa Kijerumani. Mwaka 1934 aliomba apewe nishani waliyokuwa wakipewa waliopigana vitani, akanyimwa. Mwaka 1941, kwa sheria za ubaguzi za utawala ule, alikamatwa kwa kosa la uhusiano na mwanamke mweupe, akatiwa katika kambi ya Sachsenhausen bila ya kuhukumiwa na korti yoyote. Akafia humo tarehe 24 Novemba 1944. Inna lillahi wa inna ilayhi rajiun.

Pale Dar es Salaam, katikati ya mji, tunayo Sanamu ya Askari iliyozinduliwa mwaka 1927, nasi twaipita kila siku kama kituo cha daladala. Askari yule wa shaba hana jina. Huyu hapa alikuwa na jina, alikuwa na mtaa, alikuwa na baba, na alikuwa na hesabu yake ya mishahara. Nasi wa mji wake hatukuwa tumelisikia jina lake.

Tukainua mikono palepale njiani tukamsomea Fatiha. Bibi mmoja wa Kijerumani aliyekuwa akipita na mbwa alisimama mbali kidogo, akangoja mpaka tulipomaliza, kisha akapita kimya. Sahibu akakunja kitambaa chake akasema, “Maalim, mtu huyu hakuja kuomba. Alikuja kudai chake.”

Neno hilo lilituingia kuliko yote tuliyoyaona tangu asubuhi. Sisi ndio tunaowafundisha watoto kwamba dini yetu imetuamrisha tumlipe mfanyakazi ujira wake upesi, kabla hata jasho halijamkauka. Nasi ndio tuliomtuma mtoto aseme kwamba Mwalimu amelala.

Tulipanda gari la chini ya ardhi hadi Kottbusser Tor, penye Waturuki wengi. Tukasali Adhuhuri katika msikiti mmoja wa jirani, tukaingia mkahawani. Asili ya Waturuki wengi wa Berlin ni wafanyakazi walioletwa baada ya mapatano ya serikali mbili ya tarehe 30 Oktoba 1961, kuja kufanya kazi katika viwanda. Waliitwa wafanyakazi wageni, ikidhaniwa kwamba watarudi kwao. Hawakurudi, wakajenga misikiti, wakafungua maduka, na leo Mjerumani akishikwa na njaa mjini hukimbilia chakula chao.

Tuliletewa supu ya dengu nyekundu yenye ndimu, mkate bapa wa moto, na nyama ya kondoo iliyokatwa vipande vyembamba kutoka katika mshikaki mkubwa uliosimama ukizunguka mbele ya moto, pamoja na mtindi uliotiwa maji na chumvi. Katika mji ambao mgeni Mwislamu lazima aulize kila mlo kama una nguruwe, kukaa mahali usipouliza ni raha kubwa. Chakula kilikuwa kitamu, nacho hakikutupita kooni.

Sahibu alitutazama. “Maalim, huli?”

Tukamwambia habari yote, tangu madawati hata yule mtoto. Alisikiliza mpaka mwisho bila ya kutukatiza, kisha akauliza, “Ana simu mtu huyo? Tumpelekee sasa hivi, ni dakika moja.”

“Simu yake hatunayo.”

“Basi taja jina lake, kijana wako amtafute.”

Tukanyamaza. Jina lake hatukulijua. Tulikuwa tumemwita “wewe” na “bwana mkokoteni.” Asubuhi nzima tulikuwa tukiwasikitikia wachukuzi wa Tendaguru kwa kuwa historia haikuwaandika, na mchukuzi wetu wenyewe, aliyefika mlangoni petu mara tatu, hatukumwuliza anaitwa nani.

Sahibu ni mtu mpole, lakini alisema neno lililo wazi: “Dawa ya deni ni kulipa, Maalim. Fatiha tuliyosoma pale ina fadhila zake, lakini haimlipi huyu.” Kisha akatusogezea mkate, akasema tule, kwani kushinda njaa Berlin hakumshibishi mtu Kariakoo. Tukala.

Baada ya chakula tukapita katika soko la Maybachufer, ukingoni mwa mfereji, ambalo hufanyika Jumanne na Ijumaa: mboga, zeituni, jibini, vitambaa, na wauzaji wakinadi kwa sauti kuu. Laiti pangekuwa na jua letu na harufu ya samaki wakavu, tungedhani tumefika nyumbani. Alasiri tuliswali katika msikiti wa Şehitlik, wenye minara miwili, ulio kando ya makaburi ya Waislamu yaliyowekwa hapo tangu mwaka 1866. Humo wamezikwa mabalozi wa dola ya Uthmaniya na watu wengine waliofia ugenini. Tukawaombea wote, na Mtoro na Mahjub pamoja nao. Na katika sijida ya mwisho tukamwomba Mola aturudishe nyumbani tukiwa hai, kwa kuwa deni ni mzigo mbaya wa kusafiri nao.

Alhamdulillahi tulirudi salama. Siku ya pili tu tulikwenda Kariakoo. Wengi wajua kwamba jina hilo limetokana na Carrier Corps, jeshi la wachukuzi ambao Waingereza waliwaweka kambini hapo baada ya kuuteka mji mwaka 1916. Maelfu ya wachukuzi wa vita vile walikufa kwa maradhi na njaa na mizigo, katika pande zote mbili. Kila tutajapo jina la soko letu twawataja wao, wala hatujui.

Tukauliza kwa wenye mikokoteni. “Mnamtaka nani?” wakasema. Hatukuwa na jina la kutaja. Tukaeleza sura yake, na madawati, na siku. Ilituchukua asubuhi mbili. Tulipompata alikuwa amekaa juu ya mkokoteni wake akingoja mzigo. Tukamsalimu, tukamtaka radhi, tukampa shilingi elfu thelathini. Akazihesabu. Akachukua elfu kumi, akaturudishia ishirini.

“Yangu ilikuwa kumi, Mwalimu,” akasema. “Mimi nilijua utarudi. Nyumbani ndio hawakujua.”

Tukamwuliza jina lake, akatuambia jina lake, la baba yake na la babu yake. Hapa hatulitangazi, kwa kuwa ni lake. Lakini tumeliandika katika daftari la madrasa, na kila mzigo wetu sasa ataubeba yeye akipenda, na atalipwa kabla hajaifungua kamba. Jioni ile tulimsimamisha mbele ya darasa yule mtoto tuliyemtuma, tukamwambia mbele ya wenzake kwamba siku ile Mwalimu hakuwa amelala, na kwamba kosa ni la Mwalimu. Watoto walinyamaza sana. Hatukumbuki somo walilolisikiliza vile.

Enyi vijana, mkijaliwa kusafiri, safirini. Mkayaone majumba na malango, mkale vya halali, mkasome majina yaliyoandikwa njiani. Na kabla ya kufunga sanduku, mtu na ajiulize ni nani alimbebea, ni nani alimpikia, ni nani alimfulia, na kama amemlipa, na kama analijua jina lake. Mwenyezi Mungu awarehemu waliokufa wakidai, na atujaalie sisi tulio hai tulipe kabla ya kudaiwa mbele Yake. Amin.